Kambo si mlozi: ugonjwa wa kusahau, watafiti wake na kazi ya Kanisa



Miaka kadhaa iliyopita familia moja ya hapa Lubumbashi iliniita nyumbani kwao jioni. Bibi yao, ambaye sisi wote tulimwita Kambo, alikuwa amekutwa usiku mbele ya nyumba ya jirani, bila viatu, akigonga mlango na kuita jina la mume wake aliyekufa zamani. Katika nyumba hiyo ya jirani mtoto mchanga alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Mnajua wenyewe maneno yaliyoanza kuzunguka mtaani.

Nilimuuliza mbele ya watu: «Kambo, ni kweli ulitoka usiku?» Akajibu: «Ndiyo, pasta, nilitoka.» «Ulikuwa unaenda wapi?» «Kwa watu wangu.» «Mlikuwa wengi?» «Tulikuwa wengi.» Waliokuwa chumbani walitazamana. Kwao ulikuwa ni ungamo, na kwangu pia. Tulianza maombi ya kufunguliwa ya siku tatu, na mama mzee yule tukamfungisha pamoja nasi, bila chakula. Siku ya pili alianguka. Dada mmoja wa kanisa, muuguzi, ndiye aliyetugombeza na kumpeleka lopitali. Huko walikuta shinikizo la damu liko juu sana na mwili umekauka maji. Baada ya kuzungumza na binti yake kwa muda mrefu, daktari akasema kwamba mama huyu alikuwa na ugonjwa wa ubongo tangu miaka mitatu au minne.

Familia imeniruhusu kueleza habari hii bila kutaja jina. Naieleza kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyefanya hivyo, na kwa sababu wako watu waliotumia maisha yao yote ya kazi kuchunguza ugonjwa huu kwa Waafrika. Ningewafahamu mapema, nisingemnyima Kambo chakula.

Ugonjwa huu ni nini

Waganga wanauita kwa Kifaransa «démence». Kwetu neno hilo linaleta shida, kwa sababu watu wakilisikia wanafikiri ni kichaa. Mimi nitasema ugonjwa wa kusahau, ingawa kusahau ni sehemu tu ya mambo yake. Ni hali ambayo chembe za ubongo zinakufa polepole, kuliko inavyotokea kwa uzee wa kawaida, mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku.

Aina inayojulikana zaidi ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, huko Frankfurt, alianza kumfuata mama mmoja aliyeitwa Auguste Deter, mwenye miaka 51, aliyekuwa anasahau, anapotea na kumshuku mume wake. Mama huyo alipokufa mwaka 1906, Alzheimer alitazama ubongo wake kwa hadubini. Ulikuwa umesinyaa. Ndani yake aliona uchafu uliogandana katikati ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Leo tunajua kwamba uchafu ule ni protini inayoitwa amiloidi, na nyuzi zile ni protini inayoitwa tau. Vitu hivi huanza kujikusanya miaka mingi kabla dalili hazijaonekana.

Alzheimer ni kama sehemu 60 mpaka 70 kwa mia ya wagonjwa wote. Wengine ubongo wao unaharibika kwa sababu mishipa ya damu imeziba kidogo kidogo, mara nyingi kwa shinikizo la damu lisilotibiwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa wa kusahau duniani, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zisizo tajiri, kama yetu.

Walisema Mwafrika haugui ugonjwa huu

Kwa muda mrefu vitabu vilikuwa karibu kimya juu ya Afrika. Wengine walidhani ugonjwa huu ni wa wazungu. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kutafuta ukweli ni Benjamin Osuntokun, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1935. Alisomea Nigeria na Uingereza, kisha akarudi kufanya kazi Ibadan. Jina lake lilijulikana kwanza kwa uchunguzi wa ugonjwa wa miguu na mishipa ya fahamu ambao aliuhusisha na sumu ya muhogo usiotayarishwa vizuri. Sisi Wakongo tunaelewa upesi jambo hilo, kwa sababu ya konzo ya kule Kwango.

Baadaye aligeukia ubongo wa wazee. Mwanzoni yeye na wenzake walikuta wagonjwa wachache mno, naye hakuharakisha kutangaza kwamba Waafrika wamekingwa. Aliuliza swali lingine: je, tunapima vizuri? Vipimo vya Ulaya vilimtaka mzee aandike sentensi, achore saa, ataje tarehe ya kalenda. Mama wa kijijini ambaye hajawahi kushika kalamu angeshindwa hata kama akili yake ni nzima. Na baba ambaye watoto wanampikia, wanamfulia na kumwongoza njiani angeweza kuugua miaka mingi bila mtu kuona.

Kuanzia miaka ya 1990 mwanzoni, Osuntokun na wenzake wa Ibadan walishirikiana na daktari Hugh Hendrie wa Indiana, Marekani. Walipima wazee Wayoruba wa Ibadan na wazee Wamarekani weusi wa Indianapolis kwa kipimo kimoja kilichotengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wasiosoma na waliosoma. Kipimo hicho kina sehemu mbili: mzee anaulizwa maswali, na ndugu anayeishi naye anaulizwa pia jinsi mzee anavyoishi sasa kulinganisha na zamani.

Osuntokun alifariki mwaka 1995, lakini wenzake, akiwemo profesa Adesola Ogunniyi, waliendelea. Mwaka 2001 walitangaza matokeo ya kufuata wazee wale kwa miaka. Kila mwaka, ugonjwa mpya wa kusahau uliwapata watu 1.35 kwa mia huko Ibadan, na 3.24 kwa mia huko Indianapolis. Mafundisho mawili yalitoka hapo. La kwanza, ugonjwa uko Afrika kweli. La pili, damu ya asili moja inaweza kuwa na hatari tofauti kulingana na maisha, kwa hiyo yako mambo tunayoweza kubadilisha.

Hai, Kilimanjaro: kipimo cha njiti za kiberiti

Karibu zaidi na lugha yetu ni kazi iliyofanyika wilaya ya Hai, Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro. Daktari Richard Walker, mtaalamu wa magonjwa ya wazee kutoka kaskazini mwa Uingereza, alianza kufanya utafiti huko katika miaka ya 1990, kwanza juu ya kiharusi, halafu ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson, halafu ugonjwa wa kusahau. Pamoja na Watanzania na Waingereza wengine, walipima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walipolinganisha kwa umri, wagonjwa walikuwa 6.4 kwa mia.

Kutoka kazi hiyo kilizaliwa kipimo kifupi ambacho muuguzi wa kijiji anaweza kutumia. Hakuna kalamu. Mzee anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti na kuombwa alipange mwenyewe. Anaombwa kutaja wanyama, kukumbuka maneno aliyosomewa, kusema kiongozi wa kijiji ni nani.

Walijaribu pia msaada usiotumia vidonge: wazee wagonjwa wanakutana katika kikundi kidogo, wanaimba, wanazungumza juu ya chakula, utoto na kazi zao za zamani, wanatumia mikono yao. Watu 34 walishiriki katika jaribio hilo la Hai, na vipimo vya akili zao vilionyesha nafuu. Haikuwaponya. Lakini mtu wa kanisa akisoma hayo atajiuliza: kikundi kidogo, nyimbo, mazungumzo, kila wiki, je, sisi hatuna hivyo vyote tayari?

Kinshasa: Mkongo aliyerudi na maswali yake

Katika nchi yetu, jina la kukumbuka ni Jean Ikanga. Ni Mkongo, mtaalamu wa saikolojia ya ubongo, anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani. Kazi yake ya hospitali inamkutanisha na wagonjwa wa huko, lakini utafiti wake ameuleta Kinshasa, pamoja na waganga na watafiti wa Kikongo.

Alianza na tatizo lile lile la Osuntokun: kipimo. Ametengeneza mkusanyo wa vipimo kwa ajili ya Waafrika. Ndani yake kuna picha za vitu ambavyo mtu wa kwetu anavijua, orodha za maneno, hadithi ya kusikiliza na kusimulia, na hata methali ambazo mzee anaombwa kueleza maana yake. Hapo naona hekima. Mzee wetu mwenye akili timamu atakufafanulia methali hata kama hajui kusoma. Akianza kuichukua kama maneno matupu, kuna kitu kimebadilika.

Kisha akaenda mbele zaidi. Katika utafiti mmoja wa Kinshasa, watu 85 wenye miaka 50 na zaidi walichunguzwa: 40 walioshukiwa kuwa na ugonjwa na 45 wenye afya. Walipimwa akili, wakatolewa damu ili kutafuta alama za amiloidi na tau, na wakapigwa picha za ubongo. Dawa na vipimo vya damu vinavyozungumzwa leo duniani vimejaribiwa hasa kwa watu wa Ulaya na Amerika. Kama hakuna Mkongo aliyepimwa, hakuna atakayejua kama vinamfaa Mkongo.

Kwa sisi wa Katanga bado kuna kazi. Kipimo cha Kiswahili cha Moshi hakiwezi kuletwa Katuba au Ruashi vivi hivi. Ukimuuliza mzee wa hapa juu ya ugali na kisamvu, anaweza kusitasita kwa sababu yeye anasema bukari na sombe. Atahesabiwa kuwa amesahau, kumbe lugha tu imetofautiana. Natamani vijana wetu wanaosomea uganga hapa UNILU waisikie kama wito.

Mambo tunayoyaita ulozi

Sasa nizungumze na wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa. Angalieni mambo yanayotumika kumshitaki mzee, na angalieni ugonjwa unavyofanya.

*Anatoka usiku.* Saa ya ndani ya ubongo imeharibika. Mgonjwa analala mchana na kuamka usiku, na jioni anahangaika zaidi. Anatafuta nyumba ya utoto wake au mume aliyekufa.

*Anaona watu tusiowaona.* Aina moja ya ugonjwa huu humfanya mtu aone watoto, wanyama au wageni chumbani, waziwazi kabisa. Macho ni mazima, ubongo ndio unaotengeneza picha.

*Anatushitaki kwamba tumemwibia.* Ameficha pesa na kusahau. Kwake, maelezo yanayobaki ni wizi.

*Amebadilika, anatukana, anavua nguo.* Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya tabia. Ikiharibika, breki imekatika.

*Amekiri mwenyewe.* Hili ndilo zito kuliko yote. Mgonjwa asiye na kumbukumbu anajaza pengo kwa maneno yanayokuja. Hasemi uongo, anaamini anachosema. Tena anataka kuwapendeza wanaomzunguka, kwa hiyo swali lolote utakalomuuliza kwa ukali atakujibu «ndiyo». Maswali yangu kwa Kambo yalikuwa yamebeba majibu ndani yake. Ningemuuliza kama alipanda ndege kwenda Kolwezi usiku ule, huenda angesema ndiyo. Ungamo la namna hiyo halithibitishi kitu, si mbele ya watu wala mbele za Mungu.

Simaanishi kwamba hatuombi. Tunaomba. Lakini maombi hayahitaji kumfungisha mzee chakula, kumfunga kamba, kumpiga, wala kumhoji mbele ya umati. Mwenye shinikizo la damu au kisukari akinyimwa chakula, maji na dawa zake anaweza kufa mikononi mwetu.

La kufanya kwanza: lopitali

Si kila mzee anayechanganyikiwa ana Alzheimer. Mabadiliko yakija ghafla, kwa siku chache, mara nyingi ni ugonjwa mwingine: malaria, maambukizi ya mkojo, mapafu, sukari iliyoshuka au kupanda, kiharusi, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Hayo ni ya haraka. Yako pia yanayokuja polepole na yanayoweza kutibiwa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, huzuni nzito, kaswende ya zamani, virusi vya Ukimwi, au dawa zisizomfaa. Kila moja ya hayo linaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili, na baadhi yanarudi nyuma yakitibiwa.

Kwa hiyo, mpelekeni mzee lopitali, na aende naye mtu anayeishi naye. Daktari anahitaji kujua: ilianza lini, ilianza na nini, anaweza bado kuhesabu feza za soko, anapotea njia aliyoizoea? Kusahau jina na kulikumbuka jioni ni uzee. Kusahau kwamba umepika, na kupika tena, na kukana kwamba umepika, ni dalili ya kupeleka kwa daktari.

Kinga pia ipo, ingawa si kamili. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na kusema kwamba kama yote yangeondolewa, karibu 45 kwa mia ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshwa. Mengi tunayajua: shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, kukaa bila kutembea, kuumia kichwa, hewa chafu, masikio na macho yasiyotibiwa. Mawili yanatugusa kama Kanisa. Moja ni kukosa shule utotoni: kila binti tunayemsaidia kubaki darasani tunamlinda na uzee wake. La pili ni upweke. Mzee aliyeachwa peke yake chumba cha nyuma anaharibika haraka zaidi.

Kazi ya Kanisa

Napendekeza mambo manne kwa kila parokia.

Kwanza, pasiwe na mzee anayehojiwa juu ya ulozi kanisani au katika chumba cha maombi. Familia ikija na shitaka, jibu letu la kwanza liwe: ameonwa na daktari?

Pili, tuwatembelee wanaotunza. Mara nyingi ni binti mmoja au mkaza mwana mmoja, anayelala saa mbili kwa usiku. Kumpokea kazi kwa alasiri moja ili alale au aende sokoni ni huduma kubwa kuliko hotuba.

Tatu, kikundi cha wazee kwa wiki mara moja: nyimbo walizozizoea, picha za zamani, maongezi juu ya kazi za Gécamines au za shamba. Nyimbo hudumu ndani ya mtu muda mrefu kuliko majina.

Nne, tarehe 21 Septemba, siku ya Alzheimer duniani, au Dominika iliyo karibu nayo, tumwalike muuguzi au daktari azungumze baada ya ibada, na tupime watu shinikizo la damu.

Watu huniuliza: mtu akisahau hata jina la Yesu, imani yake iko wapi? Zaburi ya 71 ni sala ya mzee anayemwomba Mungu asimtupe nguvu zake zikiisha. Isaya sura ya 46 inamwonyesha Mungu anayebeba watu wake tangu tumboni mpaka mvi. Katika sura zote mbili anayeshika ni Mungu. Wokovu wetu haukusimama juu ya kumbukumbu yetu, ulisimama juu ya yake. Kama sivyo, sisi wote tungekuwa hatarini, maana hakuna mmoja wetu anayejua ubongo wake utakuwaje akifika miaka 80.

Kambo aliishi karibu miaka miwili baada ya siku ile. Nilikwenda kwake kuomba msamaha mbele ya watoto wake na mbele ya majirani walewale. Alinitazama, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, akaniambia nikae nile. Alikuwa amesahau nilichomtendea. Mimi sijasahau, na kwa ajili ya wazee waliobaki katika mitaa yetu, nimeona ni heri nisisahau.

Mungu awabariki, pamoja na wazee wenu.